Samaki wa mapambo wa Kenya: Chaguo la mnunuzi wa ng'ambo na hatima ya miamba ya matumbawe

Mteja anapoingia katika duka la samaki wa mapambo mjini Hamburg au Chicago, swali la kwanza analomuuliza muuzaji ni moja: je, samaki huyu ataishi kwa amani na matumbawe yangu? Jibu la swali hilo huamua ni samaki gani atakayenunuliwa na yupi ataachwa. Mwishowe huamua pia ni samaki gani atakayetafutwa na mpiga mbizi katika maji ya Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, kilomita chache tu kutoka mpaka wa Tanzania.

Biashara hiyo haizungumzwi sana katika nchi zetu. Wengi wanamjua samaki wa kitoweo na wachache wanamjua samaki anayesafirishwa akiwa hai, ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa maji na oksijeni, ili akapambe sebule ya mtu asiyewahi kuiona Bahari ya Hindi. Hata hivyo Kenya imekuwa ikiuza samaki hao nje kwa miongo kadhaa, na watafiti wa nchi hiyo wameorodhesha zaidi ya aina 200 zinazovuliwa kwa ajili hiyo. Katika kipindi ambacho miamba ya matumbawe ya ukanda huu inakabiliwa na joto lisilo la kawaida, ni haki kuuliza kama kanuni inayotumiwa na wanunuzi kuchagua samaki inatosha pia kuilinda bahari anakotoka samaki huyo.

Biashara yenye thamani kubwa kwa kilo

Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira iliyotolewa mwaka 2003, ambayo hadi leo hutajwa na wachambuzi wengi, ilikadiria kwamba kila mwaka samaki kati ya milioni 20 na milioni 24 wa baharini huuzwa duniani kwa ajili ya matangi ya mapambo, pamoja na vipande vya matumbawe kati ya milioni 11 na milioni 12. Thamani ya biashara yote ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 200 na milioni 330 za Marekani kwa mwaka. Indonesia na Ufilipino ndizo zilizoongoza kwa kuuza, na Marekani ikaongoza kwa kununua.

Jambo moja linaitofautisha biashara hii na ile ya samaki wa mapambo wa maji baridi. Aina nyingi za maji baridi huzalishwa katika mabwawa ya wafugaji, lakini wale wa baharini, kwa sehemu kubwa, bado huchukuliwa moja kwa moja kutoka katika miamba yao ya asili. Kwa hiyo kila mabadiliko ya mtindo katika nyumba za wapenzi wa matangi huifikia bahari.

Kenya ni muuzaji mdogo ikilinganishwa na mataifa ya Asia, lakini inazo sifa zinazoipa nafasi yake sokoni. Wavuvi wake hutumia nyavu ndogo za mkono na nyavu za kuzuia, wengine wakipiga mbizi kwa pumzi zao na wengine kwa mitungi ya hewa. Aidha, ina viwanja vya ndege vyenye safari za moja kwa moja kuelekea Ulaya na Asia. Kwa samaki anayepaswa kufika akiwa hai, muda wa safari ndio huamua faida au hasara.

Kanuni ya kuishi pamoja

Tangi la matumbawe ni tofauti na tangi la kawaida la samaki. Ndani yake matumbawe hai ndiyo wenyeji, na samaki ni wageni. Tumbawe ni mnyama: kila tawi lake ni makazi ya maelfu ya vinyama vidogo viitwavyo polipu, vinavyoishi kwa ushirika na mwani mdogo sana ulio ndani ya miili yao. Vinahitaji mwanga mkali, maji safi yenye joto la wastani wa nyuzi 25 za Selsiasi, na kiwango kidogo cha uchafu. Samaki anayekula polipu, anayegeuza mawe au anayechafua maji kupita kiasi anaweza kuharibu kwa wiki chache kazi ya miaka.

Wapenzi wa matangi kwa hiyo huwagawa samaki katika makundi matatu. La kwanza ni la wasio na madhara. Humo wamo samaki wa anemoni wenye mistari meupe waliopata umaarufu kwa filamu ya watoto ya mwaka 2003, samaki wadogo wa rangi ya chungwa waitwao anthia, magobi wanaoishi mchangani, na jamii ya kangaja ambao hula mwani na kuyaacha matumbawe yenyewe. Wengi wa samaki hawa wapo katika maji ya Kenya na Tanzania. Kangaja wa buluu mwenye pezi la njano mgongoni, kwa mfano, ni mmoja wa samaki wa Bahari ya Hindi wanaotamaniwa sana na wakusanyaji.

La pili ni la wale wa mashaka. Humo huwekwa kitatange wadogo wasiozidi urefu wa kidole, ambao mmoja huishi na matumbawe miaka mingi bila tatizo na mwingine wa aina ileile akaanza kuyadonoa siku ya pili. La tatu ni la wasiofaa kabisa: pono, ambaye midomo yake imeumbwa kwa ajili ya kukwangua mwamba, kikande, mwenye meno ya kuvunjia magamba, bunju, kitatange wakubwa, na wengi kati ya samaki bapa wenye rangi za kipepeo, ambao wavuvi wetu nao huwaita kitatange. Baadhi ya hawa wa mwisho hawajui chakula kingine isipokuwa polipu. Wakiwekwa katika tangi lisilo na matumbawe hufa kwa njaa, na wakiwekwa katika tangi la matumbawe huyamaliza.

Kwa mtazamo wa mnunuzi, kanuni hii ni ya busara. Inamzuia kununua kitatange mchanga mwenye duara nyeupe na buluu mwilini, mwenye urefu wa sentimeta sita, bila kujua kwamba akikomaa atabadilika rangi, atafikia sentimeta 40 na atayashambulia matumbawe yake. Kwa mtazamo wa bahari pia kanuni ina faida, kwa kuwa inapunguza mahitaji ya samaki ambao uwezekano wao wa kuishi katika kioo ni mdogo. Samaki anayevuliwa ili afe baada ya mwezi mmoja ni hasara kwa kila mtu, kuanzia mwamba hadi mnunuzi.

Kile ambacho kanuni haikioni

Tatizo ni kwamba kanuni hiyo ilitungwa ili kulinda matumbawe yaliyo ndani ya kioo. Haisemi lolote kuhusu matumbawe yaliyobaki baharini. Na mara nyingine samaki anayefaa zaidi kwa tangi ndiye huyo huyo ambaye mwamba wa asili unamhitaji zaidi.

Mfano ulio wazi ni samaki msafishaji mwenye mstari mweusi, anayejulikana kwa jina la kisayansi Labroides dimidiatus. Hana madhara kwa matumbawe. Kazi yake baharini ni kuwaondolea samaki wengine vimelea, na samaki wakubwa hupanga foleni mbele ya makazi yake wakisubiri huduma. Watafiti waliofanya kazi katika kisiwa cha Lizard, kwenye Mwamba Mkuu wa Australia, waliwaondoa wasafishaji katika baadhi ya vijimwamba kwa zaidi ya miaka minane. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionesha kwamba idadi ya samaki wakazi katika vijimwamba hivyo ilipungua kwa zaidi ya theluthi, na aina zao zikapungua pia. Samaki huyo huyo, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003, ni miongoni mwa wanaouzwa kwa wingi ingawa hawaishi vizuri katika matangi, kwa sababu hawapati humo chakula chao cha kawaida.

Mfano wa pili ni wa kangaja. Mwenye tangi humnunua ili amsafishie mwani kwenye vioo na mawe. Hiyo ndiyo kazi anayoifanya baharini. Matumbawe yanapokufa kwa joto, mwani huwahi kuota juu ya mifupa yake, na mwani ukishatanda, matumbawe machanga hayapati pa kushika. Samaki wanaokula mwani ndio wanaofungua nafasi ya mwamba kupona. Kuwavua kwa wingi mara tu baada ya matumbawe kupauka ni sawa na kumnyima mgonjwa chakula siku anapoanza kupata nafuu.

Mfano wa tatu unatoka mbali zaidi. Katika visiwa vya Banggai nchini Indonesia anaishi samaki mdogo mwenye mistari meusi na madoa meupe, mpole kwa matumbawe kiasi ambacho kila mwongozo wa matangi humpendekeza. Dume lake hutamia mayai mdomoni na watoto hawasafiri na mkondo kama wa samaki wengine, kwa hiyo mahali alipomalizwa si rahisi kurudi. Mwaka 2007 aliwekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini ya Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN. Alitimiza masharti yote ya tangi, na masharti hayo hayakumsaidia.

Riziki ya Shimoni

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba biashara yote ni uharibifu. Mvuvi wa samaki wa mapambo huchukua viumbe wachache, wadogo, na hulipwa kwa kila mmoja. Kilo moja ya samaki hai wa mapambo ina thamani kubwa mara nyingi kuliko kilo ya samaki wa kitoweo kutoka mwamba uleule. Kinadharia, kijiji kinachopata kipato kutokana na samaki hai kina sababu ya kuulinda mwamba dhidi ya nyavu za kukokota na baruti.

Kwa upande mwingine, sehemu kubwa ya bei anayolipa mnunuzi wa mwisho hubaki kwa wasafirishaji, mashirika ya ndege na wenye maduka. Mpiga mbizi, anayebeba hatari ya kazi kina kirefu, hupata sehemu ndogo. Kumekuwepo pia na migogoro ya muda mrefu katika pwani ya Kenya: wavuvi wa kitoweo huwatuhumu wakusanyaji kwa kuchukua samaki wachanga, na waendesha utalii hulalamika kwamba samaki wenye rangi ambao watalii hulipa kuwaona ndio hao hao wanaopakiwa kwenye masanduku.

Sheria zipo. Kenya ilianzisha Hifadhi za Taifa za Bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968, na baadaye ile ya Kisite karibu na Shimoni, ambamo uvuvi wa aina yoyote umepigwa marufuku. Kanuni za mwaka 2007 zilivipa vikundi vya usimamizi wa fukwe, maarufu kwa kifupi BMU, mamlaka ya kusimamia uvuvi katika maeneo yao. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 iliweka utaratibu mpya wa leseni. Ugumu uko katika utekelezaji. Afisa wa forodha anayefungua sanduku lenye mifuko mia moja usiku, ndege ikisubiri, anapaswa kutofautisha aina ambazo hata wataalamu huzichunguza kwa makini kabla ya kuzitaja.

Dunia inaelekea wapi

Mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, CITES, tayari unasimamia matumbawe magumu, kombe wakubwa na farasi wa baharini, ambao biashara yao inahitaji vibali. Lakini kwa samaki wa mapambo walio wengi hauna masharti. Jaribio la Umoja wa Ulaya la kumwingiza samaki wa Banggai katika orodha ya mkataba huo, kwenye mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, liliondolewa kabla ya kupigiwa kura. Tangu mkutano wa Geneva wa mwaka 2019 nchi wanachama zimekuwa zikiijadili biashara hii kwa ujumla wake, na mwezi Mei mwaka 2024 wataalamu walikutana Brisbane, Australia, kwa ajili hiyo.

Jimbo la Hawaii nchini Marekani limetoa funzo la aina nyingine. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba vibali vya kukusanya samaki wa mapambo kibiashara haviwezi kutolewa bila kwanza kutathmini athari zake kwa mazingira. Uvuvi wa kangaja wa njano, samaki aliyekuwa akiuzwa kwa wingi kuliko wengine kutoka huko, ulikwama na bei yake ikapanda. Lakini miaka miwili kabla, mwaka 2015, watafiti wa hapohapo Hawaii walikuwa wamefanikiwa kwa mara ya kwanza kumkuza kangaja huyo kutoka yai hadi samaki kamili. Leo wanaozalishwa na binadamu wanapatikana madukani.

Kwa mhifadhi hii ni habari njema. Kwa Shimoni ina pande mbili. Samaki wa anemoni huzalishwa kwa wingi katika nchi tajiri tangu zamani, na kila aina mpya inayozalishwa huko inaupunguzia mwamba mzigo. Papo hapo inamwondolea mvuvi wa Kenya mteja, na kwa hiyo sababu moja ya kuulinda mwamba. Iwapo serikali za ukanda huu hazitawekeza katika uzalishaji wa samaki na matumbawe kwenye fukwe zao, teknolojia hiyo itageuza utajiri wa Bahari ya Hindi kuwa biashara ya mabwawa ya mbali, na vijiji vya pwani vitabaki na historia tu.

Kwa nini jambo hili linaihusu Tanzania

Mpaka kati ya Kwale na Tanga upo kwenye ramani, lakini samaki hawaujui. Mkondo wa bahari wa pwani ya Afrika Mashariki husukuma maji kuelekea kaskazini, na mabuu ya samaki waliotagwa Pemba na Tanga huweza kukua katika miamba ya Kenya. Serikali mbili zimekuwa zikilijadili kwa miaka kadhaa wazo la eneo la pamoja la uhifadhi wa bahari mpakani. Mjadala huo haujakamilika ikiwa hautagusa samaki wa mapambo, kwa sababu upande mmoja ukifunga na mwingine ukaacha wazi, mkusanyaji atavuka tu.

Maji yetu pia yana vivutio vyake kwa soko hilo. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza aina mpya ya samaki wa zambarau kutoka miamba ya kina kirefu mashariki mwa Zanzibar, wakamwita Cirrhilabrus wakanda. Yumo katika jamii ambayo wenye matangi huisifu kwa kutoyadhuru matumbawe. Samaki mzuri, adimu na mpole ni mchanganyiko ambao bei yake hupanda haraka.

Juu ya yote hayo limekuja joto. Mwaka 1998 maeneo mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yalipoteza sehemu kubwa ya matumbawe hai. Mwezi Aprili mwaka 2024 taasisi za kimataifa zilitangaza wimbi la nne la kupauka kwa matumbawe duniani, na miamba ya Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa iliyoguswa. Katika eneo la Wasini, mkabala na Shimoni, wakazi wamekuwa wakipanda vipande vya matumbawe kwa mikono yao ili kuurudisha mwamba. Haitakuwa na maana kubwa kupanda matumbawe asubuhi na kuwaondoa wanaoyasafisha jioni.

Hatua zinazowezekana

Hatua ambazo wataalamu wa uvuvi huzipendekeza kwa biashara kama hii zinaeleweka na hazihitaji fedha nyingi. Ya kwanza ni kuwa na orodha ya aina zisizoruhusiwa kuuzwa, ikianza na wale wasioweza kuishi katika matangi, kama vile walaji wa polipu peke yake, na wale ambao mwamba unawategemea, kama samaki msafishaji. Ya pili ni kuweka ukomo wa idadi kwa kila eneo na kusitisha uvuvi wa walaji mwani kwa muda baada ya kila tukio la kupauka. Ya tatu ni kumbukumbu za kila shehena kwa jina la aina, badala ya neno moja la jumla linalofunika aina mia mbili. Ya nne ni kuhakikisha kwamba vikundi vya fukwe vinapata sehemu ya mapato ya leseni, ili mlinzi wa kwanza wa mwamba awe yule anayeishi mbele yake.

Hatua ya tano iko mikononi mwa mnunuzi. Amezoea kuuliza kama samaki atayadhuru matumbawe yake. Anaweza kuongeza swali la pili: samaki huyu alikuwa akifanya kazi gani huko alikotolewa, na nani ataifanya sasa? Muuzaji asiyeweza kujibu atalazimika kumuuliza msafirishaji, na msafirishaji atalazimika kumuuliza mvuvi. Bei ya soko hili imekuwa ikipangwa ng'ambo na kushuka hadi Shimoni. Maswali pia yanaweza kufuata njia hiyo hiyo.

Wahenga walisema bahari haishi zingo, yaani misukosuko yake haina mwisho. Kwa miamba ya ukanda huu, msukosuko wa joto hauko chini ya mamlaka ya Nairobi wala Dodoma peke yao. Msukosuko wa biashara uko chini yao, na ndiyo sababu kuuacha bila usimamizi madhubuti hakutakuwa na kisingizio.